Siku Tuliyogeuzwa Mashangazi Kimilili

Nitawaambia hii kitu mara moja tu, na nawaambia mimi mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia kwa watu ambao hata hawakuwepo, maana hapa Kibomet, mtaani kwetu Kitale, kila mtu ana habari yake, kuna hata wanaosema ati nilitoka mbio na sufuria. Hakukuwa na sufuria. Aibu ilikuwepo, hiyo sikatai, nikikumbuka mpaka leo masikio yanapata moto, lakini aibu ni kitu kimoja na makosa ni kingine, na mimi makosa yangu siku ile bado nayatafuta.

Ilianza na wifi yangu Doreen, dada ya mume wangu, ambaye anaishi Nairobi na akija kwetu Kitale huiangalia nyumba yangu vile daktari huangalia kidonda. Safari hii alikuja na gari lake na maneno yake, ati ameona kwenye simu picha za Kimilili, mji wa zamani wa soko, maduka yenye veranda na nguzo za mbao, mlima Elgon umekaa nyuma kama umechorwa, na sisi tunaoishi hapa karibu hatujui tuna nini. Sasa hiyo ikaniuma. Nikamwambia, "Kimilili? Kimilili naijua kama jikoni kwangu." (Kusema kweli nilikuwa nimeenda Kimilili kununua vitunguu, nikanunua, nikarudi.) Nikamwambia kesho yake nitampeleka na nitamwonyesha vitu ambavyo hata hizo picha hazina.

Jambo lingine. Mimi ni fundi wa nguo, na kwa vile Doreen alikuwa anakuja nilikuwa nimeshona magauni ya kitenge, kitambaa kimoja, bluu yenye ndege wa manjano, moja langu, moja lake, moja la mama mkwe wangu ambaye nyumbani sote tunamwita Kukhu, yaani nyanya. Ilikuwa zawadi, si nitawapa watu nini, mawe? Kukhu alipolivaa asubuhi ile akakataa kulivua, akasema na yeye anaenda Kimilili na sote tuvae tufanane, na Kukhu akisema kitu kwa ile sauti hata mume wangu husimama. Tukaenda hivyo, wanawake watatu, kitenge kimoja, na Kukhu, mzee wetu, katikati na fimbo yake. Mnaona hapo? Mimi pia sasa naona. Wakati ule niliona tu tumependeza.

Na mji wenyewe, jameni, ni mzuri, hilo siwezi kuunyima hata kama nina hasira nao. Ilikuwa siku ya soko. Yale maduka ya zamani yamepangana na milango yao mirefu ya mbao, rangi imebabuka vizuri, kwenye veranda wamama wameanika maharagwe ya kila rangi, kuna vitunguu vya kutoka mlimani, kuna ndizi, fundi wa viatu amekaa chini ya nguzo ambayo lazima ni ya zamani kuliko baba yake. Doreen alipiga picha mpaka nikaogopa simu itachoka. Akapiga picha milango, akapiga picha makufuli ya zamani kwa karibu kabisa, akasema, "Wifi, hii ni historia," na mimi nikatingisha kichwa kama mtu aliyeileta hiyo historia mwenyewe.

Halafu Kukhu akaniambia kwa sikio kwamba amebanwa.

Choo cha soko kilikuwa na foleni iliyofika mpaka kwa wauza dagaa, na Kukhu si mtu wa foleni, magoti yake hayataki. Nikaangalia huku na huku, nikaona nyuma ya maduka kuna njia ndogo yenye nyumba za zamani, na moja ilikuwa nzuri kushinda zote, paa jekundu, veranda ya mbao imezunguka kote, maua, ua umekatwa juzi, na geti liko wazi. Pale getini amesimama baba mmoja wa makamo amevaa koti la harusi kabisa, anaangalia barabara. Nikawaza, huyu ni mtu wa heshima, nitamwomba choo. Lakini hata kabla sijafungua mdomo akatuangalia, akaangalia vitenge, akamwangalia Kukhu, uso wake ukafunguka, akasema, "Nyinyi ndio wageni wa kutoka Kitale?"

Sasa niambieni. Si sisi ni wageni? Si tumetoka Kitale? Mngejibu nini nyinyi?

Nikasema, "Ndio sisi."

Hilo tu. Hilo ndilo neno lote nililosema, na mtu akitaka kunihukumu anihukumu kwa hilo.

Yule baba akageuka akapiga kelele, "Wamefika! Wageni wamefika!" na nyumba nzima ikamwagika nje, wanawake na vigelegele, wananikumbatia, wananivuta mkono, mmoja amechukua mkoba wangu, mwingine fimbo ya Kukhu. Mimi nikajikaza nikamnong'oneza mama mmoja kwamba mzee wetu anahitaji choo, na Kukhu akapelekwa kama malkia, watu wawili, kwenye choo kilichopigwa deki mpaka kinanukia dawa na karatasi mpya haijafunguliwa. Kukhu alirudi ameridhika na dunia.

Doreen akanisogelea. "Wifi," akasema, na mara ya kwanza tangu niolewe kwao niliona kitu kama heshima machoni pake, "kumbe wewe hapa unajulikana hivi?"

Ningefanya nini? Nilitabasamu. Mimi nilifikiria ni zile nyumba za kihistoria ambazo watu huzuru, maana si yeye Doreen alikuwa ameniambia njiani kwamba siku hizi miji ya zamani ina nyumba kama hizo, unakaribishwa, unazungushwa, unaelezewa? Na kweli tulizungushwa! Mzee mwenye nyumba, mtu mrefu mpole, akatutembeza chumba kwa chumba. Akasema nyumba ilijengwa na baba yake, mbao zilitoka msituni huko juu mlimani zikibebwa na ng'ombe, mlango wa mbele haujawahi kubadilishwa. Doreen anapiga picha tu. Mzee akafungua chumba cha nyuma akasema, "Na hiki ndicho cha kijana, tumekipaka rangi wiki hii." Nikasema rangi ni nzuri. Kwani ilikuwa mbaya?

Shida ni kwamba Kukhu hawezi kuona kitu bila kukikosoa, hata kanisani hukosoa maombi. Akasimama mlango wa nyuma akaelekeza fimbo. "Jiko liko mbali na nyumba. Mtu akibeba chakula atanyeshewa."

Yule mzee akashtuka kama amepigwa. "Hilo tumeliona mama. Tutajenga kapaa hapo katikati, upesi sana."

"Na hiyo ng'ombe imekonda."

"Itanenepa, mama. Nakuahidi itanenepa."

Mimi moyoni nikasema, watu wa Kimilili wana adabu, wanasikiliza wageni. (Msinicheke. Nyinyi pia mkipewa heshima hamwulizi imetoka wapi.)

Tukaketishwa kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe vilivyoshonwa kwa mkono, tukanawishwa, tukaombewa, sala ndefu ya kushukuru kwamba Mungu ameunganisha nyumba mbili, hapo nilifungua jicho moja kidogo lakini nikalifunga. Chakula kikaja. Kuku wa kienyeji, chapati, mchele, ugali wa wimbi, mboga za kienyeji zimelazwa na maziwa. Na firigisi, ambayo kwetu mnajua ni ya mwenye nyumba na haiguswi, yule mzee akaichukua kwenye sahani yake kwa mkono wake mwenyewe akampa Kukhu. Watu wakainua shingo kuona atafanya nini. Kukhu akaila. Vigelegele vikapigwa upya.

Hapo, ndiyo, nilianza kushuku kitu. Lakini Doreen alikuwa ananiangalia na ile heshima yake, na chapati zilikuwa laini.

Ndipo mama mwenye nyumba, Mama Wycliffe, akaniita kando, akasema mimi ndiye naonekana msemaji wa wenzangu. Akanipeleka jikoni, lile lile jiko la mbali, akafunga mlango, akanishika mikono yote miwili.

"Senge," akasema, na senge kwetu ni shangazi, dada ya baba, "siwezi kuwalisha na moyo wangu uko hivi. Wycliffe ana mtoto. Msichana. Mama yake aliolewa kwingine, sisi ndio tunamlea, ananiita mama. Leo tumemficha kwa jirani ili mkija kuona boma msimwone, na tangu asubuhi nimekuwa nikijisikia mchawi. Mwambieni Sharon na baba yake wasikie kutoka kwenu, na kama mtakataa ndoa, mkatae leo."

Senge. Kuona boma. Sharon. Kila kitu kikajipanga kichwani kama foleni, vitenge, sala, chumba cha kijana, firigisi, mpaka ile ng'ombe. Sisi tulikuwa mashangazi wa bibi harusi! Mashangazi ambao wametumwa kuangalia nyumba msichana wao anakoolewa, na mama mkwe wangu alikuwa ameshaiangusha kwa mtihani!

Mtasema ningemwambia hapo hapo. Nilijaribu! Nikasema, "Mama, sikiliza, mimi si..."

"Najua," akasema, machozi yanashuka, "najua wewe si mtu wa kuhukumu, nilikuona tu uso wako," na akaniegemea begani, akalia kwenye kitenge changu kipya, sasa mtu analia begani kwako utamwambia nini, kwamba samahani mimi nilikuja choo?

Honi ikalia getini.

Tulitoka jikoni pamoja, na nikaona wanawake wanateremka kwenye gari, wameshona sare ya kijani (na mshono haukuwa mzuri, hata kwa aibu yangu niliona), na mbele yao ni Mama Rose, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, hapa hapa Kibomet, mtu ambaye kila Jumapili tunashikana mkono. Akasimama. Akaniangalia kama amekuta mbuzi kitandani.

"Mama Joy? Wewe unafanya nini kwa wakwe zetu?"

Yule baba wa koti, ambaye kumbe ni ndugu ya mzee, akauliza, "Na nyinyi mmetoka wapi?"

"Kitale," akasema Mama Rose. "Sisi ndio masenge wa Sharon. Gari lilitusumbua njiani."

Nilisikia Kukhu akitafuna ndani ya nyumba.

Halafu kelele zikalipuka. Mzee wa nyumba, yule mpole, akauliza kwa sauti ambayo sitasahau, "Sasa huyu aliyekula firigisi yangu ni nani?" Baba wa koti akasema ndio hawa, ndio wale matapeli ambao huzunguka wakila kwenye matanga na maposo ya watu. Watu wa soko wakasikia, na mnajua siku ya soko, ua wote ukajaa vichwa, na kila kichwa na simu yake. Mama mmoja wa vitunguu akasema ametuona tangu asubuhi, ati tulikuwa tunapiga picha makufuli! Baba wa koti akachukua simu ya Doreen, akaanza kuangalia, kufuli, kufuli, mlango, dirisha, chumba cha kijana, mlango wa nyuma. "Angalieni," akasema, "wamepima nyumba yote." Mtu akasema geti lifungwe. Mwingine akasema chifu aitwe. Mwingine, huyo sikumwona lakini nilimsikia vizuri, akasema chifu wa nini. Hapo nikaogopa kweli kweli, hapo haikuwa tena jambo la kuku.

Na Doreen! Doreen ambaye ndiye alitaka Kimilili, ndiye alipiga picha za makufuli, akainua mikono akasema, "Mimi nimetoka Nairobi, nimeletwa tu na huyu." Na huyu! Hata wifi hakusema. Akasogea kando kama mtu anayengojea gari.

Nikamgeukia Mama Rose. Nikasema, "Mama Rose, si unanijua? Waambie." Mnajua alisema nini? Alirekebisha kilemba chake akasema, "Namjua, ni fundi wetu. Lakini hii ya leo, sijui." Sijui! Mtu nimemshonea watoto nguo za Krismasi!

Aliyetuokoa ni Kukhu. Alitoka kwenye veranda polepole na fimbo yake, anajipangusa mdomo, akangoja mpaka hata wale wa kwenye ua wakanyamaza. "Mimi niliomba choo," akasema. "Mkanipa choo, mkanipa kuku. Sikuomba kuku. Sasa nani aliyekosea, mimi niliyeketi au nyinyi mlioniketisha bila kuniuliza jina?"

Mtu akacheka kwenye ua. Kisha wengi. Baba wa koti akajaribu kuongea lakini watu wakamwuliza yeye mwenyewe aliuliza swali gani pale getini, na alipolisema kama alivyoliuliza, wakacheka zaidi, na geti likabaki wazi.

Ningekuwa na akili ningeondoka hapo hapo. Lakini Mama Rose akanivuta nyuma ya tangi la maji, sasa rafiki, sauti imeshuka. "Mama Joy, kwa vile ulitangulia, na umezungushwa kote, niambie ukweli. Kuna kitu tunafaa kujua kuhusu hii nyumba?"

Na Mama Wycliffe alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sinia mikononi, hakuwa anasikia lakini alijua. Aliniangalia. Mimi sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu. Nikajua nikifungua mdomo, kuku atasahaulika, mimi nitakuwa mwanamke aliyewaokoa masenge wa Sharon, Mama Rose atanitaja kanisani, na hakuna mtu Kibomet atanicheka. Nilijua yote hayo, na nilikuwa na hasira ya kutosha kusema.

Nikasema, "Niliona nyumba safi na jiko liko mbali. Mengine muulizeni mwenye nyumba."

Mama Rose akaninunia. Lakini Mama Wycliffe aliweka sinia chini, akaja mbele ya wale masenge wote wa kijani, akasema mwenyewe, neno kwa neno kama alivyoniambia, mume wake akaangalia chini. Masenge wakaangaliana. Kisha Mama Rose akasema, "Mleteni huyo mtoto." Akaletwa, kasichana kamesukwa vizuri, kamevaa soksi nyeupe, kakaangalia wale watu wote kakaenda kukaa karibu na Kukhu, labda kwa sababu yeye tu ndiye hakuwa anakatazama.

"Sharon alijua," akasema Mama Rose. "Wycliffe alimwambia mapema. Sisi tulikuja kuona kama nyinyi mtasema."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, vile vyetu vya kwanza vilikuwa mchezo. Mzee alimkumbatia mke wake mbele ya watu. Masenge wakaingia ndani, kuku mwingine akakimbizwa nyuma ya nyumba. Na mimi? Mimi ambaye kama ningesema neno moja nyuma ya lile tangi, yule mama angekiri mbele ya watu ambao wameshasikia, na nani angeamini amesema kwa hiari yake? Mimi nilisindikizwa getini. Hakuna aliyeniambia asante. Yule baba wa koti alimrudishia Doreen simu baada ya kufuta picha zote, hata za soko, halafu, na hii ndiyo inaniuma kushinda zote, akarudi mezani akahesabu vijiko. Nikimwona! Nimesimama pale na kitenge changu kimelowa machozi ya shemeji yake, na yeye anahesabu vijiko!

Kwenye gari, tulipopita mji, Doreen akasema, "Wifi, ungeuliza tu." Nikageukia dirisha. Ningejibu tungelala njiani.

Tulipofika, mume wangu alikuwa ameshaona video, mtu ameiandika masenge hewa, yaani mashangazi wa uongo, na alicheka mpaka akalala kwenye sofa, mtu mzima, baba wa watoto wangu. Wateja wangu wakaanza kuniita Senge. Wanaingia kuchukua sketi, "Senge hujambo, umekula?" Mama Rose kanisani anasimulia vile yeye alivyofunua ukweli wa Kimilili kwa hekima, na mimi nimekaa mstari wa tatu namsikiliza na sisemi kitu.

Mama Wycliffe alinipigia simu majuzi. Sijui namba yangu alipewa na nani. Hakuongea sana, alisema tu, "Senge, ulinyamaza. Mimi najua ulinyamaza." Akasema harusi iko karibu na anataka nikae na masenge wa upande wao, mbele. Nikamshukuru, nikamwambia siji. Akasihi, nikasema siji. Nikaapa, na ninyi ni mashahidi, mguu wangu hautaingia tena nyumba ya mtu Kimilili, wala Chwele, wala hapa jirani, kabla sijasema jina langu, ninakotoka, na kilichonileta, hata kama kilichonileta kinaniaibisha kukitaja.

Kukhu anasema yeye ataenda. Anasema sisi ndio tulifukuzwa, yeye alikuwa hajamaliza kula. Ameshaniletea kitambaa nimshonee, na Doreen ameomba likizo ili amwendeshe, Doreen yule yule, na ati wamehifadhiwa viti. Waende. Mimi gauni la Kukhu nitalishona, tena vizuri kushinda ile kazi mbovu ya kijani, na siku hiyo ya harusi nitakaa hapa kwangu nimefunga mlango, na simu nimeizima.